Gonga Mpaka Chuma Kiitike

Kama hujawahi kumwona mtu anayeipenda kazi ambayo hakuna mwingine anayeitaka, basi hukumjua Mama Chaki. Mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye makoti mawili ya kazi ya buluu, moja mwilini na moja kambani, na mifuko ya yote mawili imejaa vumbi jeupe la chaki. Watu wa bandarini walikuwa wanamtania: "Mama, leo unafundisha darasa la ngapi?" Naye hakukosa jibu hata siku moja. "La wajinga," anasema, "na wewe umeshachelewa kipindi."

Kazi yake ilikuwa kupima maji ndani ya meli ya vita. Msije mkadhani alikwenda vitani. Meli yenyewe ilishapigana vita vyake zamani, kabla mama huyu hajazaliwa, kisha ikafungwa gatini kwa minyororo, mizinga ikazibwa midomo kwa vizibo vya mbao, ikawa ya kutazamwa. Wageni walipanda, wakapiga picha, wakagonga vichwa kwenye milango mifupi, wakateremka. Lakini chuma kilichokaa majini miaka yote hiyo, tusidanganyane, hakikosi siku ya kunywa. Kwa hiyo kila asubuhi saa mbili na kila jioni saa kumi lazima mtu ahakikishe kwamba tumbo la meli ni kavu.

Kupima kwenyewe ni hivi. Kwenye ujia wa sitaha ya chini kulikuwa na midomo sita ya mabomba membamba yaliyoshuka moja kwa moja hadi chini kabisa ya meli. Mama Chaki alikuwa na kipimo cha chuma chenye urefu wa mkono, unene wa dole gumba, kimefungwa kwenye kamba. Anakipaka chaki, anakitumbukiza, kinagonga chini, anakivuta na kutazama chaki imelowa mpaka wapi. Haikulowa? Anaandika daftarini: kavu. Na kwenye kamba ile kulikuwa kumeshonwa nyuzi sita za rangi, moja kwa kila bomba. Kipimo kikisimama chini, uzi wa bomba hilo unapaswa kuwa sawasawa na mdomo wake. Uzi mwekundu ulikuwa wa bomba la pili. Wa kijani ulikuwa wa bomba la tano, lile lililopita nyuma ya benchi la wageni kwenye chumba cha mashine.

Kazi hii ilikuwa ya mumewe kwanza. Mzee yule aliifanya miaka ishirini na mitatu, na kifua kilipoanza kumsumbua akamfundisha mkewe, kwa ukali kweli, utadhani anamfundisha kuendesha ndege. "Usikiteremshe kama unamlaza mtoto," alimwambia. "Kikikaribia chini kiachie. Gonga mpaka chuma kiitike. Kisipoitika hujafika, na kama hujafika unaandika uongo." Alikufa kabla mwaka haujaisha. Mkewe akakabidhiwa kipimo, kamba na daftari.

Basi akawa anagonga. Anakiachia kipimo, huko chini chuma kinaitika: ngo! Kila bomba na sauti yake, na yeye alizijua zote sita kama mtu anavyojua vikohozi vya watu wa nyumbani kwake. Mabaharia wastaafu waliokuja kutembea walimwambia, "Polepole, mama," akawatazama kwa jicho la pembeni tu. Sababu yenyewe hakumwambia mtu, lakini mimi nitaisema. Kila chuma kilipoitika, alikuwa anamsikia mumewe. Mara kumi na mbili kwa siku marehemu alimjibu, na alikuwa hana mahali pengine pa kumsikia.

Mwaka wa tatu, uzi wa kijani ulizama ndani ya mdomo wa bomba. Kidogo tu, unene wa ukucha. Mama Chaki akainama, akautazama, akasema, "Kamba imenyooka." Akaufumua uzi, akaushona upya juu kidogo, ukawa sawa na mdomo. Mwaka wa tano ukazama mwekundu. Kamba imenyooka tena. Akafumua, akashona.

Mimi ningekuwepo siku ile ningemshika mkono! Kamba ikinyooka, inanyooka yote. Hainyooki kwa bomba la pili ikaliacha la kwanza. Hata mtoto wa darasa la tatu anajua. Na Mama Chaki hakuwa mjinga, alikuwa na akili kuliko nusu ya ofisi ile. Lakini mtu akishapenda, macho yake huchagua cha kuona. Kwa miaka kumi na moja alihamisha nyuzi nne kati ya sita, na ule mwekundu aliuhamisha mara tatu. Daftari likaendelea kusema kavu, kavu, kavu. Wala halikuwa linadanganya, ndio ubaya wenyewe.

Mkurugenzi wa meli alilipenda daftari lile kuliko alivyompenda mwandishi wake. Alikuwa mtu wa tai na mafaili, mwoga wa ngazi za chuma. Kila mafundi walipodai meli ipelekwe kwenye gati kavu ikaguliwe chini, yeye alilinyanyua daftari mbele ya wakubwa: "Miaka yote hii, waheshimiwa, hata tone! Mnataka kumpasua mgonjwa asiyeumwa?" Wakubwa wakacheka, meli ikabaki majini. Siku moja akampa Mama Chaki cheti chenye fremu. Akakitundika sebuleni, karibu na picha ya marehemu.

Sasa tumzungumzie binti yake, maana yeye ndiye roho ya mama huyu. Mtoto wa pekee. Alikuwa kiongozi wa wageni humo humo melini, msichana mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, na watoto wa shule walimwita Kamanda. Ziara yake ilianzia kwenye picha kubwa ukutani, picha ya meli nyingine iliyofanana na hii kwa kila kitu. "Huyu ni pacha wake," Kamanda anasema. "Waliundwa pamoja, wakaenda vitani pamoja. Pacha huyu yuko chini ya bahari. Alizama kwa dakika kumi na saba." Siku zote kuna mmoja anayeuliza kama watu walitoka. "Wachache," anasema, kisha anawaongoza chini, mpaka kwenye chumba cha mashine, anawaketisha kwenye benchi refu.

Hapo ndipo mama na mtoto walipokuwa na mchezo wao. Ukutani, juu ya benchi, kulikuwa na bomba la shaba la kusemea, la enzi ambazo simu za melini zilikuwa hazijazoeleka, na upande wake wa pili ulitokea kwenye ujia wa mabomba ya kupimia. Kamanda anawaambia watoto, "Meli hii inaongea. Iulizeni swali." Mtoto anaweka mdomo: "Hujambo, meli?" Na kutoka gizani linatoka vumi zito: "Sijambooo. Nani huyo ananikanyaga tumboni?" Weee! Watoto wanapiga kelele mpaka kutu inadondoka. Mama Chaki, huku juu, amejiziba mdomo kwa kicheko. Wakimuuliza, "Pacha wako yuko wapi?" alikuwa na jibu moja tu: "Amelala. Ananiita."

Jambo lingine lazima mlijue. Meli ya vita huundwa na milango mizito ya chuma inayofungwa kati ya chumba na chumba, ili maji yakiingia kimoja yasifike kingine. Kwenye meli hii milango yote ilichomelewa ikiwa wazi, wageni wasije wakabanwa vidole. Na kuta za chini zilitobolewa ili nyaya za umeme zipite. Wageni hawakubanwa vidole, hilo ni kweli.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Asubuhi Mama Chaki alipima mabomba yote, lakini la pili halikuitika vizuri. Badala ya ngo, lilitoa sauti butu, kama mtu aliyegonga kibuyu kilichopasuka. Akaandika kavu, akaenda kunywa chai, akaiacha kikombeni. Saa nne akarudi peke yake kwenye ujia. Chini huko alisikia miguu ya watoto ikielekea chumba cha mashine, na sauti ya bintiye ikiwahesabu. Thelathini na wanane.

Akafungua kifuniko cha bomba la pili. Akakipaka kipimo chaki, akakiteremsha, kikakaribia chini, akakiachia kama alivyofundishwa.

Hakikugonga.

Kamba ikaendelea kumponyoka mkononi. Uzi mwekundu ukazama. Na kamba bado inakwenda, shibiri moja, shibiri mbili. Akaikamata, akavuta. Kipimo kikapanda kimelowa mpaka juu, baridi, kinanuka bahari. Halafu bomba likaanza kupumua. Si mzaha. Aliweka kiganja juu ya mdomo wa bomba akahisi hewa ikimsukuma, polepole, bila kukoma, maana maji yalikuwa yanapanda huko chini na hewa inatafuta pa kutokea. Mama Chaki akaingiwa na hofu ambayo hajawahi kuijua, hata siku ya kifo cha mumewe.

Akakimbilia bomba la kusemea. Kabla hajafungua mdomo, sauti ya mtoto ikamfikia kutoka huko: "Meli! Pacha wako yuko wapi?"

"Tokeni!" akapiga ukelele. "Tokeni humo haraka, maji yanaingia!"

Chini kukawa na kicheko kikubwa ajabu. Watoto walifurahi kupita kiasi, wengine wakapiga makofi. Akamsikia bintiye akicheka naye, akisema, "Mnaona? Leo meli imeamka vibaya!" Mama akarudia, kwa nguvu zaidi, na kila alivyozidi kupiga kelele ndivyo walivyozidi kucheka. Sauti yake mwenyewe aliyoiigiza kwa miaka ilikuwa imemfunga.

Akavuta pumzi. Akaacha kupiga kelele, akaongea kwa sauti ya jikoni, ile ya kila siku.

"Mwanangu. Huyu si meli, ni mama yako. Naapa kwa kaburi la baba yako, watoe watoto sasa hivi. Usiulize."

Kicheko cha Kamanda kikakatika katikati. Kisha akasikika akisema, kwa utulivu uliomtia mama yake uchungu, "Haya, jeshi langu. Tunapanda ngazi, mmoja mmoja, anayeongea anarudi nyuma." Ngazi ilikuwa moja, nyembamba, ya kupita mtu mmoja. Mama Chaki alisimama juu ya tundu lake akiwavuta mikono mmoja baada ya mwingine na kuhesabu. Kufika wa ishirini, viatu vya watoto vilikuwa vimelowa. Kufika wa thelathini, soksi. Wa thelathini na nane alikuwa analia. Wa mwisho akatoka bintiye, maji yakimchuruzika magotini, akamtazama mama yake.

Pampu ya bandari ikaletwa, ikanguruma mchana kutwa. Mzamiaji akashuka chini ya meli na kizibo cha mbao kilichovikwa gunia na grisi, akapigilia, maji yakakoma. Jioni meli ilikuwa kavu tena. Mzamiaji, kijana mcheshi, akaketi karibu na Mama Chaki kuvua mavazi yake.

"Ajabu, mama," alisema. "Kutu hula ovyo, huku inameza, kule inaacha. Hili tundu ni duara safi, kama limetobolewa na fundi. Na liko sawasawa chini ya bomba. Waliounda meli waliweka kibati kinene hapo, cha kupokea pigo, kilipaswa kubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa. Kimeisha chote. Kuna mtu amekuwa akigonga hapo. Ni nani?"

"Sijui," akajibu Mama Chaki. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kudanganya kuhusu kazi yake, na alijua hivyo alipokuwa anasema.

Fanyeni hesabu wenyewe. Mume miaka ishirini na mitatu, mke kumi na moja, mara mbili kwa siku, palepale. Mapigo zaidi ya elfu ishirini na nne. Bandu bandu huisha gogo, tunawaambia watoto ili wasikate tamaa shambani.

Mkurugenzi, kwa upande wake, alikuwa na furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. "Tundu moja tu, na limezibwa," aliwatangazia wafanyakazi. "Daftari linaonyesha mabomba mengine matano hayana tatizo. Jumamosi tunafungua." Alhamisi nyumbani, Kamanda alikuwa anapiga pasi sare yake. Alikuwa ameanza kucheka tena. "Jumamosi nina shule mbili, mama. Watoto sitini na wawili. Chini hatuna wasiwasi, bomba la pili liko mbali. Mimi nitawaweka kwenye benchi, kama kawaida."

Benchi. Uzi wa kijani. Mama Chaki alijua uzi wa kijani alianza kuuhamisha lini.

Na alijua pia kitakachotokea akisema. Meli itafungwa. Meli ikifungwa haifunguliwi, itavutwa ikakatwe iwe vyuma chakavu, na binti yake atakuwa hana kazi, na yeye mwenyewe hana, na jina la mumewe, mtu aliyesifiwa mpaka kaburini kwamba hakukosa siku, litakuwa jina la mtu aliyeitoboa. Akikaa kimya, huenda bamba la chini ya bomba la tano likadumu miaka kumi. Huenda. Alikaa akilitazama neno hilo na picha ya marehemu ikimtazama yeye.

Ijumaa asubuhi aliingia ofisini bila kubisha. Mkurugenzi alikuwemo, na Kamanda alikuwa amekuja kuchukua orodha ya shule. Mama Chaki akaitandaza kamba juu ya meza, juu ya mafaili na yote.

"Tazameni," alisema. "Huu uzi wa kijani ulikuwa hapa. Mnaona vitundu vya sindano? Kisha hapa. Sasa uko hapa. Mwekundu, mara tatu. Mweusi, mara moja. Wa manjano, mara moja. Nilisema kamba imenyooka. Si kamba. Ni chini ndiko kumekwenda."

Mkurugenzi alikiondoa kidole chake juu ya kamba kama kimeungua. "Mama, unajua unachosema? Hii ni kuiua meli."

"Nimeshaiua. Nimeigonga mpaka imekufa. Nawaambia tu mahali vidonda vilipo."

"Mtu mwingine hajaziona hizi nyuzi," mkurugenzi alisema, akishusha sauti. "Kunja kamba yako. Tutalizungumza wiki ijayo."

Kamanda ndiye aliyeinuka. Macho yalikuwa yamemjaa. "Mama, ulijua? Miaka yote hii ninawapeleka watoto wa watu kule chini, ulikuwa unajua?"

"Sikujua," Mama Chaki akasema. "Sikutaka kujua. Baba yako alikuwa ananijibu humo."

Binti alichukua orodha ya shule mezani, akanyanyua simu ya mkurugenzi mbele ya mkurugenzi mwenyewe, akaanza kuwapigia walimu mmoja mmoja.

Meli ilifungwa. Wakaguzi walikuja na nyundo zao ndogo, wakaivuta mpaka gati kavu. Kwa wiki tatu mama na mwana wanapishana mlangoni nyumbani, wanasema shikamoo na marahaba, basi. Cheti kilishuka ukutani, hakuna aliyeuliza kiko wapi. Mama Chaki alizoea kuamka akitafuta chaki mifukoni.

Siku moja mkaguzi mkuu akawaita wote wawili gatini. Meli ilikuwa imeinuliwa juu ya magogo, chini yake pameanikwa juani kwa mara ya kwanza tangu sijui lini, na ilionekana kubwa na ya aibu. Mkaguzi akawapa kipande cha bamba, ukubwa wa sahani, kilichokatwa chini ya bomba la tano. Katikati kilikuwa na kibonyeo cha duara, laini, kinang'aa.

"Msikidondoshe," akasema.

Kamanda akakipokea. Akaweka dole gumba kwenye kile kibonyeo, akakandamiza kidogo tu, kama mtu anayejaribu kama embe limeiva. Dole likapita, likatokea upande wa pili.

Kidole kikakwama ndani ya chuma. Mama yake alitaka kumsaidia kukitoa, akaogopa kumgusa.

"Sitini na wawili, mama," binti akasema. "Benchi lote lingejaa."

Kisha akaunyoosha mkono ule wenye bamba, na mama akaushika, akaanza kukichomoa kidole cha mwanawe taratibu, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.